Baiskeli, Ratiba na Raha: Kila Kimoja na Siku Yake

Wahenga walituachia methali isemayo, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Aghalabu methali hii hutamkwa na mzazi au mwalimu anayemwonya kijana kwamba kazi, hata ikiwa duni, ina faida ambayo mchezo, hata ukiwa mtamu, hauwezi kuileta. Sina nia ya kubishana na wahenga. Hata hivyo, ipo shughuli moja ambayo mpaka wake baina ya kazi na mchezo ni mwembamba kama spoki, nayo ni uendeshaji wa baiskeli. Chombo ni kile kile, barabara ni ile ile, miguu ni ile ile; lakini leo mtu anaweza kupanda baiskeli ili ajitese kwa makusudi, na kesho akaipanda ili tu upepo umpige usoni. Makala haya yanakusudia kujadili namna mwendeshaji anavyoweza kuyatunza mambo hayo mawili bila moja kulimeza jingine.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime tangu mwanzo. Wengi hushauri kwamba mazoezi ya ratiba na uendeshaji wa kujifurahisha vichanganywe kwa kiasi, kama chumvi katika mchuzi. Mimi nasema visichanganywe hata kidogo. Vitenganishwe. Kila kimoja kipewe siku yake na kiheshimiwe katika siku hiyo. Kinachowavunja moyo waendeshaji wetu chipukizi si ukali wa ratiba, wala si utamu wa mchezo. Ni ile safari ya katikati ambayo si kazi kamili wala si raha kamili.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha mara nyingi huficha busara ambayo wasemaji wake wameisahau. Neno "zoezi" linatokana na kitenzi "zoea". Kufanya mazoezi, kwa hiyo, ni kuuzoeza mwili jambo ambalo jana haukuliweza. Neno "mchezo" nalo lina upana wa ajabu. Soka ni mchezo, tamthilia ni mchezo, ngoma huchezwa, na mtu akitaka kusisitiza uzito wa jambo husema "si mchezo". Isitoshe, lipo tumizi moja ambalo kila fundi wa baiskeli analijua. Gurudumu likilegea huambiwa linacheza. Hapo fundi hushika spana na kukaza nati za ekseli. Lakini fundi hodari hakazi mpaka mwisho. Akikaza kupita kiasi, gololi husagika na gurudumu huwa zito. Akilegeza mno, gurudumu huyumba. Huzungusha, husikiliza, hulegeza kidogo, kisha huzungusha tena. Nitalirejelea gurudumu hili baadaye.

Nayasema haya si kwa kusoma tu, bali kwa kuwa yamenifika. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilijiunga na kikundi cha vijana wanane waliokuwa wakiendesha baiskeli katika barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba ukishapita Kisian nchi huanza kuinuka, na kwamba mpando ule hauna huruma mpaka ufike Maseno, pale mstari wa ikweta unapokata barabara. Mmoja wetu alituandalia ratiba nzuri. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko. Jumanne tulifanya vipindi vitano vya kasi, kila kimoja dakika nne, na baina yake dakika tatu za mwendo wa pole. Jumatano ilikuwa saa moja na nusu ya kuendesha taratibu. Alhamisi tulipanda mlima. Ijumaa ilikuwa taratibu tena. Jumamosi tulikwenda mwendo mrefu wa saa tatu. Jumapili mwandishi wa ratiba aliandika neno moja tu: "Raha."

Ratiba ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Jumatano, siku ya taratibu, hakukosekana mmoja wa kuongeza mwendo kidogo tulipopishana na lori, na hakukosekana mwingine wa kumfuata. Baada ya dakika kumi sote tulikuwa tunahema. Jumapili, siku ya raha, ilianza kwa vicheko na mazungumzo, lakini kila tulipokaribia Luanda mazungumzo yalikatika na vichwa vikainama. Hakuna aliyetamka kwamba tunashindana, ila aliyechelewa kufika Luanda alikuwa amekwisha kutaniwa kabla hajashuka kwenye baiskeli. Basi tukawa na siku sita za kazi nusunusu na hatuna hata moja ya mchezo. Jumanne ilipofika, ile siku ya kasi ya kweli, miguu haikuwa na kitu cha kutoa.

Mwezi wa tano sikuwa naupata usingizi vizuri. Mapigo ya moyo wangu niamkapo, ambayo yalikuwa 54 kwa dakika, yalipanda hadi 63. Mpando wa Maseno ambao niliumudu kwa urahisi mwanzoni ukawa unanichukua dakika mbili zaidi. Nikajilaumu kwa uvivu, nikaongeza bidii, na mambo yakazidi kuharibika. Hatimaye nikaitundika baiskeli ukutani. Ilikaa pale miezi mitatu, na kila nilipoitazama niliona haya, kama mtu anayekwepa macho ya anayemdai. Kati yetu wanane, watano waliacha kabisa kabla ya mwaka kwisha. Hicho ndicho kinachonisukuma kuandika. Sikumbuki hata mmoja aliyeacha kwa kukosa uwezo. Waliacha kwa kuwa baiskeli, ambayo utotoni waliililia kwa machozi, ilikuwa imegeuka kuwa karani wa kuwahesabia makosa.

Kilichonirudisha barabarani hakikuwa ushauri wa kocha. Nilikwenda nyumbani wakati wa likizo, na mjomba akanituma kisiagi. Alinipa Black Mamba yake, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na giya, akanifungia gunia la mahindi kwenye keria kwa mpira wa ndani wa tairi. Mpwa wangu wa miaka sita alikataa kubaki, akaketi mbele juu ya mtaimbo. Tulipofika kwenye mteremko wa mtoni aliinua miguu na kupiga ukelele, nami nikajikuta nimeondoa miguu kwenye pedali na kupiga ukelele vilevile. Sikuwa na saa wala kipimo chochote. Tuliporudi na unga, mtoto aliuliza, "Mjomba, kesho kuna mahindi mengine?" Nilitambua kwamba swali hilo sikuwa nimejiuliza kwa mwaka mzima. Sikuwa nimeitamani kesho ya baiskeli.

Yamkini msomaji atasema kwamba kisa cha mtu mmoja si ushahidi. Ni kweli. Tuyatazame basi yale ambayo wataalamu wa mazoezi wameyathibitisha. Mwili haupati nguvu wakati wa kazi. Huupata wakati wa kupumzika baada ya kazi. Kipindi kikali huchosha misuli, humaliza akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake, na kuutikisa mfumo wa neva. Pumziko likitosha, mwili hujijenga upya na kupita kidogo pale ulipokuwa. Lisipotosha, kipindi kifuatacho huukuta mwili ungali na deni. Deni likilimbikizwa kwa wiki nyingi, huzuka hali ya kuzidiwa na mazoezi. Dalili zake zinajulikana: usingizi hupotea, hamu ya kula hupungua, hasira huja upesi, mapigo ya moyo hubadilika, na kasi hushuka badala ya kupanda. Dawa yake kuu ni pumziko, wakati mwingine la miezi.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi yake nchini Norwe, alichunguza jinsi wanamichezo bora wa mbio ndefu, wakiwemo waendesha baiskeli, wanavyogawa mazoezi yao. Aligundua kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao huwa vya taratibu, mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kuhema, na vilivyobaki ndivyo huwa vikali hasa. Lile eneo la katikati, ambalo si pole wala si kali, hawalikai sana. Hapa sayansi na raha zinapeana mkono. Mwendo wa kuongea ndio mwendo wa kutazama mashamba ya chai ya Limuru, wa kumsalimu mzee aliyeketi kando ya njia, na wa kusimama kununua ndizi. Mwendeshaji anayejua kucheza siku ya kucheza haibi chochote kutoka kwa mazoezi yake.

Wakimbiaji wetu wanalijua jambo hili. Atembeleaye Iten au Kaptagat alfajiri hushangaa kuwaona mabingwa wa dunia wakianza mbio zao za taratibu kwa mwendo ambao mtu wa kawaida angeweza kuufuata. Siku nyingine ya wiki, wanariadha hao hao hufanya mazoezi ya kupokezana kasi na pole barabarani, mazoezi ambayo yaliasisiwa na kocha Gösta Holmér wa Uswidi katika miaka ya 1930. Aliyaita kwa neno la Kiswidi fartlek, ambalo maana yake ni "mchezo wa kasi". Tazama, ndugu msomaji: moja kati ya mazoezi makali zaidi ya riadha limepewa jina la mchezo, na bado lina siku yake maalumu.

Katika baiskeli, mfano ulio karibu nasi ni wa Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Katika miaka ya 1990, akiwa kijana mdogo, alianza kuandamana na David Kinjah, mwendeshaji mashuhuri wa Kenya na mwasisi wa kikundi cha Safari Simbaz, katika vilima vya Kikuyu. Huko walipanda, waliteremka, walitengeneza baiskeli zilizovunjika na kupotelea katika vijia vya vumbi. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye, akiiendeshea timu ya Uingereza, alishinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Katika miaka hiyo ya ushindi watazamaji walimtania kwa jinsi alivyokikodolea macho kipimanguvu kilichofungwa kwenye usukani wake. Hapana shaka kwamba nidhamu ya vipimo ilimsaidia sana. Lakini asingefika kwenye vipimo hivyo kama mtoto yule hangependezwa kwanza na vijia vya Kikuyu. Raha ilitangulia, ratiba ikafuata. Nani kati yetu angempa mtoto wa miaka kumi na miwili kipimanguvu na kutarajia aipende baiskeli?

Mfano wa pili ni wa Tom Dumoulin wa Uholanzi. Alikuwa ameshinda Giro d'Italia mwaka 2017 na ubingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa mwaka huo huo. Mnamo Januari 2021, akiwa katika timu iliyosifika kwa mipango na vipimo, alitangaza kwamba anajitenga na mashindano kwa muda usiojulikana, kwa kuwa hakujua tena yeye mwenyewe alitaka nini. Alirudi mwezi wa Juni, na mwezi uliofuata akatwaa nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Hata hivyo, mwaka 2022 alistaafu akiwa na umri wa miaka 31 tu. Sisemi kwamba ratiba ndiyo iliyomng'oa. Mambo ya moyo wa mtu hayana sababu moja. Nasema tu kwamba hata bingwa wa dunia, mwenye madaktari, wapishi na makocha, anaweza kuamka siku moja akakuta hamu imetoroka. Itakuwaje basi kwa mwanafunzi anayenunua tairi kwa fedha za chakula?

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili. Hoja ya kwanza husema kwamba raha haimfikishi mtu popote. Anayetaka medali sharti aumie, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubali kwamba ni sharti ainame. Sijasema Jumanne ya vipindi vya kasi ifutwe. Kinyume chake, nasema iwe kali zaidi kuliko tunavyoifanya sasa, na hilo haliwezekani ikiwa tunaifikia tumechoka kwa mashindano ya siri ya Jumapili. Mwenye kuinama kila saa hupinda mgongo, na cha mvunguni hakichukui.

Hoja ya pili hutoka upande mwingine. Husema kwamba ratiba ni mambo ya Wazungu na matajiri. Baiskeli ni ya kwenda tu, mtu apande na kujiendea. Kwa wale wanaosema hivi, nawaomba wawatazame waendeshaji wa boda boda. Biashara hii ilianzia mpakani Busia kwa baiskeli, na jina lake likatokana na kuwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa mwendeshaji yule baiskeli ni kazi tupu: kuna abiria, kuna nauli, kuna saa za kuamka. Hata hivyo nimewaona jioni pale Luanda, abiria wakiisha, wakishindana kwenda polepole. Wote huanza pamoja, na anayetia mguu chini au anayetangulia kufika ndiye aliyeshindwa. Watu waliobeba mizigo kutwa nzima juu ya baiskeli hizo hizo hupata nguvu ya kuchekea juu yake. Nao hawachanganyi. Hakuna anayecheza mchezo ule akiwa na mama mjamzito kwenye keria. Kazi ikiisha, mchezo huanza.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwendeshaji aamue kabla hajatoka langoni kama siku hiyo ni ya kazi au ni ya mchezo, na asibadilishe nia akiwa njiani. Siku ya kazi itimize kilichoandikwa. Siku ya mchezo isiandikwe chochote. Pili, siku ya mchezo vipimo vyote vibaki nyumbani. Saa ya mapigo ya moyo ni mtumishi mwema, lakini mtumishi pia hupewa siku ya mapumziko. Tatu, kila mwaka uwe na wiki kadhaa zisizo na ratiba kabisa, ambamo mtu anaweza kwenda Hell's Gate kule Naivasha, mbuga ambamo watu huruhusiwa kupita kwa baiskeli kati ya punda milia na twiga, au kutoigusa baiskeli kamwe. Nne, vikundi vyetu vya vyuo vikuu viwe na safari mbili zilizo wazi: moja ya mashindano, yenye mstari wa kuanzia na wa kumalizia, ili mwenye hamu ya kushinda aitimize bila kujificha, na nyingine ya pamoja, ambayo mwendo wake ni wa yule aliye wa polepole zaidi, na atakayemtangulia kiongozi aturudishie gharama kwa kununua chai.

Pendekezo la nne ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kwa kuwa ubaya wa ile safari ya katikati hautokani na miguu bali na haya. Tunaona haya kuonekana wa polepole, na tunaona haya kukiri kwamba tunashindana. Mashindano yakipewa jukwaa lake, na upole ukipewa heshima yake, haya hiyo haitakuwa na pa kukaa.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili. Wengi wetu tulizipenda hadithi na nyimbo kabla hatujajua kwamba kuna vina, mizani na bahari. Tukaingia chuoni tukafundishwa arudhi, na ni vyema kwamba tulifundishwa, kwani asiyeijua hawezi kuihakiki kazi ya malenga wala kutunga tungo inayosimama. Lakini tumewaona wenzetu waliohesabu mizani mpaka wakaacha kusoma mashairi kabisa pindi mtihani ulipokwisha. Mwanafunzi anayesoma diwani kwa ajili ya mtihani tu, asiwe na hata jioni moja ya kuisoma kwa kuwa inamfurahisha, yuko katika safari ile ile ya kwenda Luanda kichwa kikiwa kimeinama.

Kwa hiyo narudi kwa fundi na gurudumu lake. Anayetaka baiskeli iende mbali hukaza nati kwa nguvu anapopaswa kukaza, kisha huacha nafasi ndogo ili gololi zizunguke. Mimi sasa ninayo ratiba, tena kali, na Jumanne zangu huniumiza kuliko zamani. Mpando wa Maseno naupanda kwa muda mfupi kuliko nilipokuwa kijana. Lakini Jumapili natoka bila saa. Mpwa wangu, ambaye siku hizi ana baiskeli yake mwenyewe, ndiye anayechagua njia, na sijawahi kumuuliza tutarudi saa ngapi.